Kutunza ndege ndogo yenye umri mkubwa: hatua kwa hatua

Mwaka 1986 Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za injini za pistoni, ikaurejesha mwaka 1996. Kwa hiyo Cessna 172 yoyote iliyotoka kabla ya pengo hilo ni mtu mzima kweli, na nyingi za miaka ya 1960 na 1970 bado zinaruka. Piper Cherokee nyingi ni za rika hilohilo. Ratiba za matengenezo ya ndege hizi zilipangwa kwa saa za injini: saa 50, saa 100, saa 2,000. Walioziandika hawakuwa na sababu ya kuwaza ndege itakayodumu nusu karne. Lakini mpira hukakamaa hata injini ikiwa imezimwa, grisi hukauka, na alumini huliwa ndege ikiwa imetulia bandani. Ndege kuukuu ina hesabu mbili, ya saa za injini na ya kalenda, na mara nyingi ya kalenda ndiyo inayotangulia. Katika kila hatua hapa chini, jiulize kwanza ni hesabu ipi inayokula sehemu unayoitazama.

Vipimo vinavyotajwa ni vya aina za ndege na injini zilizotajwa. Kitabu cha matengenezo cha ndege yako ndicho mwamuzi. Kila nchi ina orodha ya kazi ambazo mwenye ndege anaruhusiwa kuzifanya mwenyewe, kama kubadilisha oili au tairi. Nyingine zote ni za fundi mwenye leseni.

Hatua ya 1: Anza na makaratasi

Kabla ya kushika spana, soma madaftari yote ya ndege, ya injini na ya propela. Tengeneza orodha ya maagizo ya lazima ya usalama, yale ambayo mafundi wote huyaita AD, na uigawe mara mbili: yanayotekelezwa mara moja yakaisha, na yanayorudiwa kila baada ya saa au miezi kadhaa. Kwa kila moja andika namba, tarehe, saa za ndege wakati huo, na njia iliyotumika. Maandishi ya "AD zote zimetekelezwa", yasiyo na namba wala njia, hayathibitishi kitu. Kumbuka pia kwamba propela, magneto (mtambo unaozipa plagi cheche) na kabureta zina AD zake zenyewe, na hizo ndizo husahaulika.

Kisha tafuta mapengo. Injini yenye saa 600 tangu ifumuliwe na kuundwa upya huonekana changa, lakini kama katikati kuna miaka mitatu bila safari hata moja, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye daftari. Angalia pia mara ya mwisho ndege iliwekwa kwenye mizani. Baada ya miongo ya redio kuingia na kutoka na rangi kupakwa juu ya rangi, uzito ulioandikwa kwa kujumlisha na kutoa huwa wa kubuni kuliko wa kweli. Ipime upya.

Hatua ya 2: Saka kutu ya alumini

Kutu ya alumini si nyekundu. Hutokea kama unga mweupe au wa kijivu, malengelenge chini ya rangi, nyuzi nyembamba zinazotambaa kuanzia kwenye kichwa cha ribiti, au bati linaloachana tabaka kwa tabaka. Aina hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu alumini hutafunwa kuanzia ndani na kinachoonekana nje ni kidogo.

Fungua vifuniko vyote vya ukaguzi, toa viti, zulia na paneli za ndani. Ingia na tochi kali na kioo cha mkononi. Sehemu za kuanzia ni chini ya sakafu, ambako maji hukusanyika tundu la kutolea maji likiziba. Pembeni mwa kisanduku cha betri. Shina la bawa. Na nyuma ya sponji au sufi ya kuzuia kelele, ambayo hunyonya maji na kuyashikilia kwenye bati. Viota vya panya ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani, maana mkojo wao hula alumini. Ukikuta kiota, ondoa kila kitu, osha, kausha, halafu ndipo upime hasara.

Asidi ya betri iliyomwagika huuawa kwa maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya soda, kiasi cha gramu 200 kwa mililita 800 za maji. Paka hadi povu litakapokoma, kisha suuza kwa maji safi mengi.

Kuondoa kutu ya juujuu: toa rangi, sugua kwa pedi ya nailoni au msasa wa oksidi ya alumini, kamwe si kwa sufi ya chuma wala brashi ya waya wa chuma. Chembe za chuma hubaki zimejikita ndani ya alumini, na kutu mpya huanzia papo hapo. Ukifika kwenye alumini safi, pima unene uliobaki na ulinganishe na kikomo cha kitabu. Hapa ndipo wengi huharibu: husugua vizuri, hupaka rangi, na hawapimi kabisa. Unene ukitosha, osha, paka dawa ya kromati kama Alodine, suuza, kausha, kisha primeri ya epoksi. Mwisho nyunyizia ndani ya mabawa na mkia mafuta ya kuzuia kutu kama ACF-50 au CorrosionX. Mafuta haya yatavuja kwenye mishono ya bati kwa wiki kadhaa na kuchafua rangi, vumilia.

Ribiti zenye mkia wa moshi mweusi nyuma yake zinacheza. Usizifute tu na kusonga mbele. Zihesabu, tafuta kwa nini bati linatembea.

Hatua ya 3: Boriti za bawa na reli za viti

Hapa hesabu zote mbili hukutana. Mwaka 2018 ndege ya mafunzo aina ya Piper PA-28R-201, ya ukoo wa Cherokee, ilipoteza bawa la kushoto karibu na Daytona Beach, Marekani. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 2007, si kuukuu hata kidogo, lakini ilikuwa na maelfu ya saa za mafunzo na kutua kwingi. Ufa wa uchovu ulianzia kwenye tundu la bolti, sehemu ya chini ya boriti kuu. Matokeo yake ni AD 2020-26-16 ya Marekani, inayotaka matundu hayo yapimwe kwa kifaa cha mkondo wa umeme ambacho huona ufa usioonekana kwa macho. Njia yake ya kuhesabu inafundisha: kila ukaguzi wa saa 100 uliowahi kufanyika huhesabiwa kuwa saa 100 kamili za kazi ngumu, na saa zilizobaki hugawanywa kwa 17. Jumla ikifika 5,000, bolti zinatoka. Kwa hiyo Cherokee ya mtu binafsi ya mwaka 1968 inaweza kuwa mbali na kikomo, ilhali ya chuo cha urubani imeshakipita. Fundi atakayetoa bolti hizo lazima awe mwangalifu, kwani kulikwaruza tundu wakati wa kupima ni kupanda mbegu ya ufa mwingine.

Mfano wa upande wa kutu ni Cessna 177 na zile 210 zisizo na nguzo ya kushikilia bawa. Boriti inayopita juu ya kichwa cha rubani hubeba mzigo wote, na baadhi zilifungwa povu la kuzuia kelele lililokaa na unyevu. Mwaka 2019 Cessna T210M iliyokuwa katika kazi ya upimaji karibu na Mount Isa, Australia, ilikatika bawa angani. Ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu kwenye boriti hiyo. Toa povu lote, safisha, kagua kila kishimo.

Reli za viti vya Cessna huonekana jambo dogo hadi kiti kiteleze nyuma ndege ikiinua pua, na rubani akavuta usukani kwa kujishikilia. AD 2011-10-09 inataka zikaguliwe kila saa 100 au kila mwaka. Pima upana wa matundu ya pini: yakizidi inchi 0.42, karibu milimita 10.7, reli ibadilishwe. Tazama pia nyufa, na hakikisha pini inaingia hadi ndani badala ya kukalia uchafu uliojaa tunduni.

Hatua ya 4: Injini

Lycoming, mtengenezaji wa injini, inatoa saa 2,000 *au miaka 12* kwa injini kama O-320 kabla ya kufumuliwa, na wenye ndege wengi huikumbuka nusu ya kwanza tu. Piga hesabu: ukiruka saa 50 kwa mwaka, miaka 12 ni saa 600. Aliyetenga akiba ya kufumua injini kwa kugawanya gharama kwa 2,000 atakuwa hajakusanya hata theluthi siku hiyo ikifika. Gawanya kwa 600.

Adui wa injini hizi ni kukaa. Kamshafti ya Lycoming, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krenki, hivyo injini ikizimwa oili humwagika chini na kuiacha uchi. Wiki chache za unyevu hutosha kuipa vidoa vya kutu. Ikiwashwa tena, vidoa hivyo huchimba uso wa tapeti, vipande vinavyosukumwa na kamshafti. Dawa ni kuruka, angalau saa moja hewani kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzijoto 74 na 93 za Selsiasi ili maji yaliyomo yageuke mvuke na kutoka. Kuiwasha chini kwa dakika kumi na kuizima ni vibaya kuliko kuiacha: huongeza maji na asidi ndani ya oili bila kufikia joto la kuyatoa. Kuzungusha propela kwa mkono nako hakusaidii, kunafuta utando mdogo wa oili uliobaki. Kama ndege italala miezi, jaza oili ya hifadhi na weka plagi zenye dawa ya kunyonya unyevu.

*Oili.* Badilisha kila saa 50 kama kuna filta kamili, kila saa 25 kama kuna chujio la wavu tu, na kwa vyovyote isizidi miezi minne. Mwaga ikiwa moto. Kata filta kwa kikatio maalumu, si msumeno, maana msumeno huacha unga wake wa chuma na utakesha ukiutafuta. Tandaza karatasi yake, kamua, kagua kwenye mwanga na pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma cha kamshafti, tapeti au silinda. Vyepesi vinavyong'aa visivyonasa mara nyingi ni alumini ya vifuniko vya pini za pistoni. Vya rangi ya shaba ni bushi. Chembe mbili tatu ni za kawaida. Zikiwa nyingi, ndege isiruke hadi chanzo kijulikane. Toa pia wavu wa kufyonzea oili ulio chini ya injini, ambao wengi huuacha miaka. Filta mpya ya Champion hukazwa pauni-futi 16 hadi 18, karibu Nm 22 hadi 24, ikiwa imepakwa kilainishi kwenye mpira wake, kisha ifungwe kwa waya wa usalama.

*Plagi.* Zitoe zote na uziweke kwenye trei kwa mpangilio wa silinda, za juu na za chini, kwa sababu rangi yake ni taarifa. Vidonge vya kijivu ni madini ya risasi yaliyomo kwenye mafuta, hukusanyika zaidi kwenye za chini. Oili nyingi kwenye ya juu ni dalili ya ringi au bushi ya vali. Safisha, rekebisha mwanya uwe inchi 0.016 hadi 0.021, pima ukinzani, na tupa inayozidi omu 5,000. Iliyoanguka sakafuni nayo tupa, hata kama inaonekana nzima. Zirudishe kwa kubadilishana, ya chini iende juu ya silinda nyingine, kwa washa mpya wa shaba. Kwenye injini za Lycoming hukazwa pauni-inchi 420, yaani Nm 47.

*Kompresheni.* Injini ikiwa bado na joto, weka pauni 80 za hewa kwa kila silinda pistoni ikiwa juu kabisa, na usome kinachobaki. Mtu mmoja ashike propela kwa uimara, mwili wake ukiwa nje ya mzunguko wake. Hewa ikimshinda, itazunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Sabini na kitu ni nzuri. Tofauti ya 10 hadi 15 kati ya silinda inataka uchunguzi. Ikishuka chini ya 60, sikiliza kabla ya kung'oa: mlio kwenye bomba la moshi ni vali ya moshi, kwenye kabureta ni vali ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Kisha ruka, upime tena. Silinda nyingi zimeng'olewa bure kwa ringi zilizokuwa zimepanga nafasi zake vibaya siku hiyo. Tunaamini zaidi boreskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda: uso wa vali ya moshi yenye afya una duara za rangi zilizo katikati, duara likihamia ukingo mmoja, ukingo huo unaungua.

Injini inayotetemeka asubuhi ikiwa baridi kisha ikatulia ina vali inayonata. Usiizoee. Kaboni imejaa kwenye bushi ya shina la vali, na siku itakaponata kabisa itapinda fimbo ya kusukumia. Lycoming inataka uhuru wa shina hilo upimwe kila saa 400 kwa injini zake nyingi za zamani.

*Magneto.* Slick na Bendix hufunguliwa kila saa 500. Kati ya hapo, fuatilia mshuko wa mizunguko unapozima upande mmoja: kwa Cessna 172M, kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, usizidi 125, na tofauti ya pande mbili isizidi 50. Usifurahie ikikosekana kabisa; kutoshuka hata kidogo huenda ni waya wa kuzimia uliokatika, na injini hiyo iko tayari kuwaka mtu akigusa propela.

Hatua ya 5: Bomba la moshi

Mafla ya ndege nyingi ndogo imevikwa koti la bati linalopasha hewa ya kabini. Ufa ndani ya koti hilo hupeleka kaboni monoksidi moja kwa moja kwa rubani. Kwa hiyo toa koti, usiangalie nje tu. Funga mdomo wa bomba kwa kipulizia hewa chenye nguvu ndogo, paka maji ya sabuni kwenye mishono, tafuta mapovu. Michirizi myeupe au ya kijivu ni alama ya moshi unaovuja. Usichore alama kwa penseli kwenye bomba la moto: kaboni yake hudhoofisha chuma na ufa hufuata mstari ulioandika. Kadi ya kugundua gesi hii huisha nguvu kwa miezi michache. Kengele ya kielektroniki ni bora.

Hatua ya 6: Mipira, matangi, breki

Kila mpira wa oili na mafuta una lebo yenye tarehe; 4Q89 ni robo ya nne ya mwaka 1989. Ukiona hiyo, hakuna la kujadili. Usinyooshe mpira wa zamani kuupima, utaupasua ndani. Mipira ya Tefloni hudumu zaidi, ila nayo ikishazoea mkunjo wake isilazimishwe mwingine.

Doa la buluu chini ya bawa ni avgas 100LL, petroli ya ndege, inayovuja. Matangi ya mpira hujikunja, na mikunjo huficha maji ambayo kumwaga sampuli kwa kawaida hakuyatoi. Tikisa mabawa, inua na shusha mkia, subiri, chukua sampuli tena. Maji mengi huingilia kifuniko cha tangi chenye oringi iliyokufa, kipuri kidogo kuliko vyote kwenye ndege.

Breki na shokapu hutumia mafuta mekundu ya MIL-H-5606. Ya breki za gari huvimbisha sili zake na breki hukosa nguvu. Cherokee nyingi, zikiwa na mzigo wake wa kawaida, huonyesha inchi 4.5 za shokapu nyuma na 3.25 mbele. Futa sehemu inayong'aa kwa kitambaa chenye mafuta hayohayo, kwani mchanga ndio unaokata sili. Gurudumu la mbele likitikisika wakati wa kutua, anza na usawa wa tairi, kisha bushi za mkono wa kukunja, mwisho kizuia-mtikisiko. Wengi huanza mwisho, wanabadilisha kifaa cha bei na tatizo linabaki.

Hatua ya 7: Kebo na umeme

Pitisha kitambaa cha pamba juu ya kila kebo, huku msaidizi akisogeza usukani mwisho hadi mwisho. Uzi uliokatika utakinasa. Kagua hasa inapopita kwenye kapi. Uzi mmoja uliokatika hapo unatosha kubadilisha kebo nzima. Kapi lisilozunguka huliwa upande mmoja. Pima mvuto kwa kifaa, ukizingatia joto la siku hiyo, na kwenye viunganishi vya kukazia zisionekane ridi (meno ya skrubu) zaidi ya tatu nje ya pipa lake.

Upande wa umeme, Piper nyingi za zamani zilitoka na nyaya nene za alumini kutoka betri hadi stata. Ncha zake huota oksidi, stata ikawa inavuta kwa uchovu, na mwenye ndege akanunua betri, kisha stata, kisha betri nyingine. Pima kwanza: stata ikizunguka, tofauti ya volti kati ya nguzo ya betri na nguzo ya stata ikizidi nusu volti, tatizo ni waya. Ondoa pia nyaya zilizokufa za redio zilizotolewa zamani. Hazina kazi na zinaweza kugusana na zilizo hai.

Hatua ya 8: Vipuri

Kipuri bila karatasi ni pambo. Dai hati ya uhalali wa kipuri, FAA Form 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani au EASA Form 1 ya Ulaya, na kwa kilichotoka kwenye ndege iliyovunjwa, dai historia ya ndege yenyewe, ikiwemo ajali. Vipuri vya mpira vilivyokaa dukani miaka kumi vimezeeka kama vilivyo kwenye ndege, hata kama mfuko haujafunguliwa.

Hatua ya 9: Safari ya kwanza baada ya kazi

Hesabu zana zote kabla ya kufunga vifuniko. Kama kebo ziliguswa, mtu wa pili asimame nje na aseme kwa sauti anachokiona: usukani kushoto, eleroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kushoto inapanda. Kebo zilizobadilishana nafasi zimewahi kuua marubani wazoefu. Ruka bila abiria, kaa juu ya uwanja, andika joto la oili, msukumo wake na mizunguko. Ukitua, toa kifuniko cha injini ikiwa bado moto, tafuta uvujaji kwa tochi, kagua tena waya wa usalama wa filta, ndipo fundi atie sahihi.